Gauni Lisilo na Mvaaji: Namna ya Kusoma Mchoro wa Rangi za Maji wa Vazi la Kale

Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza mchoro wa rangi za maji unaoonyesha gauni la kale, likiwa peke yake katikati ya karatasi, bila mvaaji, bila ukuta nyuma yake wala sakafu chini yake, ana haki ya kuuliza kuna nini cha kutazama hapo. Gauni lenyewe limekwisha kupitwa na wakati. Rangi ni hafifu, utadhani mchoraji aliogopa kuigusisha brashi kwenye karatasi. Na picha ya simu, mtu atasema, ingeonyesha kitu kile kile kwa sekunde moja. Hoja hizo tatu husikika hata kwa watu wanaopenda sanaa, na kila moja ina jibu lisiloonekana kwa haraka. Makala hii inajaribu kuyafafanua majibu hayo kwa kushikilia jambo moja: mchoro wa namna hii huthaminiwa pale mtazamaji anapoacha kuuchukulia kama picha iliyokwisha, akaanza kuufuata kwa mpangilio ule ule uliotumika kuuchora, tabaka baada ya tabaka, kwa sababu rangi ya maji inayopitisha mwanga haiwezi kuzificha hatua zake.

Mwanza ni mahali pazuri pa kuanzia somo hili, ingawa jiji halina kumbi nyingi za maonyesho ya picha. Linao mafundi cherehani. Ukiwatazama mafundi wanaokaa kwenye baraza za maduka katikati ya jiji, utaona kwamba anapoletewa gauni la mtumba lililonunuliwa katika soko la Mlango Mmoja ili alipunguze au aliongeze, fundi mzuri haanzi na uzuri wa rangi. Huligeuza ndani nje. Huangalia bitana, hupima kwa kidole upana wa kitambaa kilichoachwa kwenye mshono, hutafuta mstari wa pindo la zamani, kisha hueleza gauni limewahi kufumuliwa wapi na kwa sababu gani. Anachosoma ni utaratibu wa kazi ya fundi mwingine ambaye hakuwahi kumwona: mshono upi ulitangulia, upi ulifuata, ni wapi alibana na wapi aliachia. Anaweza kuusoma kwa sababu ushonaji hauna kurudi nyuma bila alama. Ukiufumua mshono, matundu ya sindano hubaki. Mchoraji wa rangi za maji yuko katika hali hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo naamini kwamba watazamaji bora wa michoro ya magauni hawatoki lazima katika vyuo vya sanaa.

Mwanga unatoka kwenye karatasi

Ili kuelewa kwa nini rangi za mchoro huu ni hafifu, ni lazima kwanza kujua rangi ya maji ni kitu gani. Ni chembe za rangi zilizosagwa laini sana na kuchanganywa na gundi itokanayo na utomvu wa miti ya jamii ya mgunga, ambayo humea pia katika maeneo makavu ya Tanzania. Mchoraji huiyeyusha kwa maji na kuipaka kwenye karatasi. Maji yakikauka, gundi huzishikilia chembe pale zilipotua. Tabaka linalobaki ni jembamba kiasi kwamba mwanga hulipenya, hufika kwenye weupe wa karatasi, hugonga hapo na kurudi kwa mtazamaji ukiwa umechukua rangi njiani. Kwa hiyo mng'ao wote wa mchoro wa rangi za maji ni mng'ao wa karatasi. Mchoraji hana rangi ya kuongeza mwanga. Anazo rangi za kuupunguza tu. Kila mguso wa brashi ni hatua kuelekea gizani, na sehemu iliyokwisha kutiwa giza hairudishwi katika weupe wake wa awali bila karatasi kuonyesha kwamba imesuguliwa.

Hapa ndipo uhafifu unapogeuka kuwa kipimo cha ustadi. Mchoraji anayechora gauni la hariri la rangi ya maziwa analazimika kuamua, kabla hajalowesha brashi, ni vipande vipi vya karatasi havitaguswa kabisa hadi mwisho wa kazi. Mstari mwembamba wa mwanga unaoteremka kwenye ukingo wa mkunjo wa sketi haukuchorwa. Uliachwa. Kilichochorwa ni kivuli cha upande huu na kivuli cha upande ule, na baina yake ikabaki karatasi tupu yenye upana wa uzi. Kosa la upana wa uzi mmoja hapo lingeufanya mkunjo uonekane kama bomba. Anayeuona mchoro wa namna hiyo na kusema kwamba mchoraji hakuweka rangi ya kutosha amekosea mahali pa kutafuta kazi ilipofanyika.

Karatasi yenyewe inastahili neno. Karatasi bora za rangi za maji hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, si kwa massa ya mbao, na uzito unaopendwa na wachoraji wengi ni gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa kuwa karatasi nyepesi zaidi hujikunja inapoloweshwa. Nyuzi za pamba ni ndefu na imara, nazo huvumilia kuloweshwa na kukauka mara nyingi bila kuchanika. Kwa msomaji wa Usukumani, ambako pamba imekuwa zao la maisha ya watu kwa vizazi, na ambako kituo cha utafiti cha Ukiriguru kimefanya kazi ya kuboresha mbegu zake kwa miongo mingi, kuna jambo la kuvutia katika ukweli huu: gauni la pamba lililochorwa kwenye karatasi ya pamba ni nyuzi za aina moja zilizopita njia mbili, moja ikapitia kinu cha nguo, nyingine kinu cha karatasi. Mchoraji anapoacha weupe wa karatasi uwe weupe wa gauni, anaacha pamba isimame badala ya pamba.

Uso wa karatasi nao una maana. Karatasi iliyogandamizwa ikawa laini humpa mchoraji nafasi ya kuonyesha kifungo kidogo na uzi wa lesi. Karatasi yenye vinundu humpa mparuzo unaofaa kwa kitambaa kizito. Zipo rangi, buluu nzito ya ultramarini ikiwa mfano unaojulikana zaidi, ambazo chembe zake huzama katika vishimo vya karatasi na kutawanyika kama vumbi laini, na mchoraji hodari huitumia tabia hiyo kuonyesha ukavu wa sufu au wa pamba nzito bila kuchora uzi hata mmoja. Tabia nyingine hujitokeza kwenye kingo. Dimbwi la rangi likiachwa likauke lenyewe, chembe husafirishwa kuelekea pembeni na kuacha mstari mweusi kuzunguka eneo zima, kwa kanuni ile ile inayofanya tone la chai lililokauka mezani liache duara. Wanafizikia waliieleza kanuni hiyo kwa kina mwaka 1997, nao walianza na doa la kahawa. Katika mchoro wa gauni, mstari huo mkali ukiwa kwenye ukingo wa sketi unaweza kuwa msaada, lakini ukitokea katikati ya kitambaa kinachopaswa kuteremka kwa ulaini, unamwambia mtazamaji kwamba mkono ulichelewa. Anayejua kuitafuta mistari hii huweza kuhesabu mchoraji alipita mara ngapi, wapi alisubiri tabaka likauke, na wapi aliongeza rangi wakati karatasi ikiwa bado na majimaji.

Kitambaa hujitambulisha kwa namna kinavyoshika mwanga

Swali la kwanza ambalo mchoro wa uchunguzi wa gauni unapaswa kulijibu ni hili: hiki ni kitambaa gani? Si kwa maelezo yaliyoandikwa pembeni, bali kwa jinsi kivuli kinavyokutana na mwanga. Hariri ngumu ya zamani, ile iliyotoa sauti mvaaji alipotembea, hukunjika kwa pembe, na mwanga wake huruka ghafla kutoka kwenye ukali hadi kwenye giza bila hatua za katikati. Pamba haina papara hiyo. Kivuli chake hupanda na kushuka taratibu, na hata sehemu yake yenye mwanga mwingi haing'ai. Mahameli hufanya kinyume cha matarajio ya wengi: katikati ya mkunjo unaotukabili huwa kuna giza, na mwanga hukaa kwenye kingo, kwa sababu manyoya yake mafupi humeza mwanga unaoyaelekea moja kwa moja na kuurudisha ule unaopita ubavuni. Mchoraji anayeweka mwanga katikati ya mkunjo wa mahameli amechora hariri, hata kama rangi aliyochagua ni sahihi kabisa.

Lesi ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Matundu ya lesi nyeupe iliyolazwa juu ya kitambaa cheusi yanapaswa kuchorwa moja moja kama vipande vidogo vya giza, huku nyuzi zenyewe zikibaki kuwa karatasi. Mchoraji mwenye haraka huchora nyuzi kwa rangi nyeupe nzito juu ya giza, na matokeo yake huonekana kama chokaa. Sipingi matumizi ya rangi nyeupe nzito kwa jumla, maana wachoraji wakubwa wameitumia kwa vifungo na kwa ncha za mwanga, lakini ikitawala kola nzima, mwanga wa karatasi huzibwa, na gauni hupoteza ile hali ya kuonekana kama linaloweza kupitisha upepo.

Michoro ya maua au mistari kwenye kitambaa huleta ugumu mwingine ambao fundi cherehani ataugundua mapema kuliko mhakiki wa sanaa. Maua yaliyochapwa kwenye kitambaa hufuata mkunjo: yanaingia ndani yake, yanapotea, kisha yanaibuka upande wa pili yakiwa yameruka kiasi kile kile cha kitambaa kilichomezwa na rinda. Fundi anayeshona kitenge huumiza kichwa ili ua la upande wa kushoto wa mshono likutane sawasawa na nusu yake ya upande wa kulia. Mtazame mchoraji kwa jicho hilo hilo. Kama mistari ya sketi inateremka imenyooka juu ya mikunjo yote bila kukatika, mchoraji alichora muhtasari wa gauni kisha akalijaza nakshi, hakuchora kitambaa. Kama mistari inavunjika na kuungana tena mahali panapostahili, ujue alikaa mbele ya gauni kwa muda mrefu na kuhesabu.

Gauni jeupe ni suala la peke yake. Weupe wa nguo hauna rangi moja. Upande unaoelekea dirisha huchukua ubuluu wa anga, upande wa chini huchukua rangi ya sakafu, ndani ya mkono wa gauni ambako mwanga umegongana na kitambaa mara nyingi kunakuwa na uvuguvugu wa njano iliyofifia, na mahali ambapo tabaka mbili za kitambaa chepesi zimepandana huwa na kijivu ambacho tabaka moja haina. Kwa hiyo mchoro wa gauni jeupe hufanywa kwa kuchora kila kitu isipokuwa weupe wake. Nadhani hakuna kazi ya rangi za maji inayodai subira kuliko hii, wala hakuna inayodharauliwa kirahisi zaidi na mtazamaji anayepita haraka.

Baada ya kitambaa huja muundo, na muundo ndio unaomwambia mtazamaji gauni ni la kipindi gani. Katika mitindo ya Ulaya na Marekani ya karne ya 19, mstari wa kiuno hupanda na kushuka: mwanzoni mwa karne ulikuwa chini kidogo tu ya kifua, kisha ukateremka hadi mahali pake pa kawaida. Sketi zilipanuka hadi zikahitaji fremu ya pete nyembamba za chuma, iliyopewa hataza mwaka 1856, na upana huo ukahamia nyuma katika miaka ya 1870 na 1880, ukibebwa na mto au fremu ndogo chini ya kiuno. Mikono mipana iliyovimba ilivuma mara mbili, katika miaka ya 1830 na tena katikati ya miaka ya 1890, na tofauti yake iko begani: ile ya kwanza huanzia chini ya bega lililoteremka, ile ya pili husimama juu ya bega lenyewe. Mabega yaliyochongoka ya gomesi, vazi lililoanza Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 na linalojulikana vizuri kuzunguka Ziwa Victoria, yanafanana sana na hiyo ya pili, na mtu aliyewahi kumwona mama akiwa amevaa gomesi ataelewa mara moja jinsi bega linavyoweza kubadilisha umbo zima la mwili bila kitambaa kuubana.

Kwa nini kuchora kitu ambacho kamera ingekipiga picha

Mkusanyiko mkubwa wa michoro ya namna hii ulitokana na shida ya uchumi. Mwaka 1935, Marekani ikiwa bado katika mdororo mkubwa, serikali yake ilianzisha mpango wa kuwapa kazi wasanii wasio na ajira, na ndani ya mpango huo ukazaliwa mradi ulioitwa Index of American Design. Wazo lilitoka kwa wanawake wawili wa New York: Romana Javitz, aliyesimamia mkusanyiko wa picha katika maktaba ya umma ya jiji hilo, na Ruth Reeves, msanii wa vitambaa. Wachoraji walitumwa kuchora kwa rangi za maji vitu vya kila siku vilivyotengenezwa nchini humo tangu enzi za ukoloni hadi karibu mwaka 1900: samani, vyombo vya udongo, wanasesere, mablanketi ya viraka, na magauni mengi sana. Kazi ilisimama mwaka 1942 ikiwa imezaa michoro zaidi ya 18,000, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa National Gallery of Art, jumba la taifa la sanaa la Washington, ambako imehifadhiwa hadi leo na ambako mtu aliyeko Nyegezi au Ukerewe anaweza kuitazama bure kwa intaneti.

Mbinu waliyofundishwa wengi wao ina asili ya kushangaza. Suzanne Chapman, wa makumbusho ya sanaa ya Boston, aliwafundisha namna ya kujenga umbo kwa tabaka nyembamba za rangi inayopitisha mwanga, mbinu aliyoipata kwa Joseph Lindon Smith, mchoraji aliyetumia miaka mingi kunakili sanaa za makaburi na mahekalu ya Misri ya kale. Jicho lililozoea kunakili ukuta wa hekalu bila kuongeza chochote likahamishiwa kwenye kola ya gauni la harusi la shambani. Hilo linaeleza kwa nini magauni ya mkusanyiko huo hukaa peke yake kwenye karatasi: yanachukuliwa kama vitu vya kuchunguzwa, kila kimoja kikiwa na karatasi yake ya maelezo.

Picha za rangi zilikuwepo. Filamu ya Kodachrome iliingia sokoni mwaka huo huo wa 1935. Lakini zilikuwa ghali, na uthabiti wa rangi zake ulitiliwa shaka. Hata hivyo sababu ya gharama peke yake haitoshi, kwa kuwa leo gharama hiyo haipo na michoro hiyo bado inafundisha mambo ambayo picha haifundishi. Kamera hutazama kutoka mahali pamoja, kwa mwanga mmoja, na kwa umakini unaopungua kadiri kitu kinavyosogea mbali na pale ilipolengwa. Mchoraji hulizunguka gauni. Anaweza kuusogelea mshono wa kola hadi auone uzi, kisha arudi nyuma aone jinsi sketi nzima inavyoning'inia, na kuyaweka yote mawili kwenye karatasi moja kwa uwazi ulio sawa. Anaweza kupunguza kivuli kinachofunika kiuno ili mshono wa kiuno uonekane.

Uwezo huo ndio nguvu ya mchoro, na ndio hatari yake pia. Mchoraji anayeweza kuondoa kivuli anaweza pia kuondoa kiraka. Anaweza kulijaza gauni mwili usiokuwepo, akalinyoosha bega lililolegea kwa miaka mingi ya kutundikwa, akarudisha kifungo kilichopotea. Je, afanye hivyo? Watu wenye busara hutofautiana. Mimi huuamini zaidi mchoro unaobakiza alama za matumizi: mstari wa pindo la zamani baada ya gauni kuongezwa urefu, kwapa lililobadilika rangi kwa jasho, kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Alama hizo ndizo zinazoonyesha kwamba gauni liliwahi kuwa la mtu, na mchoraji aliyezistahi amempa mvaaji nafasi kwenye karatasi bila kumchora. Lakini sitasema kwamba aliyezikarabati amedanganya, iwapo karatasi ya maelezo inaeleza alichokibadilisha.

Nani aliyepauka: gauni, mkono, au karatasi?

Sasa tufikie fundo lililokazwa zaidi. Mtazamaji ana mbele yake gauni la zambarau iliyofifia hadi kukaribia kijivu, na uhafifu huo unaweza kuwa na chanzo kimoja kati ya vitatu, au vyote kwa pamoja. Huenda kitambaa chenyewe kilikuwa kimepauka kabla mchoraji hajakiona. Huenda mchoraji alichagua kulionyesha hafifu. Huenda alilichora likiwa na rangi kali, na ni mchoro wenyewe uliopauka baadaye.

Uwezekano wa kwanza ni mkubwa kwa magauni ya nusu ya pili ya karne ya 19. Mwaka 1856, kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini, ile dawa ya malaria, kutokana na kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata zambarau, rangi ya kwanza ya viwandani ya kutia nguo iliyopata soko kubwa, na baada yake zikafuata nyingine nyingi. Kadhaa kati ya rangi hizo za mwanzo zilikuwa kali sana zikiwa mpya na dhaifu sana mbele ya jua. Hariri ya miaka ya mwisho ya karne hiyo ilikuwa na balaa lake la ziada, kwa kuwa watengenezaji waliiloweka katika chumvi za metali, hasa za bati, ili kuirudishia uzito uliopotea katika usafishaji. Chumvi hizo huukausha uzi na kuukatakata, na magauni mengi ya namna hiyo leo hupasuka yenyewe yakiwa kwenye masanduku. Kwa magauni hayo mchoro wa rangi za maji unaweza kubaki ushahidi ulio imara kuliko gauni.

Kuutambua mpauko wa kitambaa ndani ya mchoro kunawezekana. Mchoraji mwaminifu atakuwa ameonyesha rangi kali zaidi pale ambapo mwanga haukufika: ndani ya rinda, chini ya kola, mahali palipofunikwa na utepe ulioondolewa. Ukiona gauni lina rangi mbili za namna hiyo, moja ya juu na nyingine ya mafichoni, basi kilichopauka ni kitambaa, na mchoraji alikuwa shahidi tu.

Mpauko wa mchoro una dalili tofauti. Huwa hauchagui mikunjo. Hulikumba gauni zima kwa usawa, na mara nyingi huiondoa rangi moja na kuiacha nyingine. Zambarau ya rangi za maji kwa kawaida hupatikana kwa kuchanganya buluu na nyekundu, na nyekundu kadhaa za zamani, hasa zile zilizotokana na wadudu au mizizi, hukimbia mbele ya mwanga wakati buluu inabaki. Zambarau hugeuka kuwa buluu yenye kijivu, na shavu la waridi hugeuka kuwa udongo. Ukiweza kuuona mchoro ukitolewa kwenye fremu, tazama ukingo uliokuwa umefunikwa: rangi ya pale, ambayo haikuwahi kuona jua, ndiyo rangi aliyoiacha mchoraji. Mwaka 1888 wanasayansi wawili wa Uingereza, William James Russell na William de Wiveleslie Abney, walitoa taarifa ndefu kuhusu athari ya mwanga kwa rangi za maji, baada ya kuzifungia sampuli katika mirija ya kioo na kuziweka juani. Walithibitisha kwamba mwanga ndio mharibifu mkuu, na kwamba hewa yenye unyevu huuongezea kasi uharibifu, kiasi kwamba rangi zilizofungiwa mahali pasipo hewa wala unyevu zilidumu zaidi.

Uhafifu wa hiari, ule uliochaguliwa na mchoraji, hutambulika kwa kulinganisha. Tafuta mahali penye giza kuliko pote katika mchoro: tundu la kifungo, kivuli ndani ya mkono, mstari chini ya utepe. Kama hapo pana giza la kina na safi huku sehemu nyingine zikiwa nyepesi, mchoraji alikuwa na rangi kali mkononi na akaamua kuizuia. Anayetazama kwenye simu awe mwangalifu katika hatua hii, kwa sababu kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe na huufanya weupe wa karatasi uelekee ubuluu, wakati karatasi halisi ya pamba ina joto la rangi ya krimu. Na nakala zinazochapwa kwenye maduka ya steshenari aghalabu hutiwa rangi kupita kiasi, zikafuta tofauti ndogo ambazo ndizo mchoro wenyewe.

Taarifa ile ya 1888 inatuhusu sana sisi tulio kando ya ziwa. Mwanza iko karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwanga wake wa mchana ni mkali kwa mwaka mzima. Makumbusho mengi hupunguza mwanga unaofikia michoro ya karatasi hadi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), ilhali jua la mchana peupe hukaribia luksi 100,000. Sebule yenye madirisha makubwa yanayotazama ziwa, ambayo kila mwenye nyumba huionea fahari, ni mahali pabaya kuliko pote pa kutundika mchoro wa namna hii. Ukuta wa ndani usiofikiwa na jua unafaa zaidi, kioo kisiguse karatasi, na kadibodi ya nyuma iwe isiyo na asidi. Wakati wa masika ni vyema kuishusha fremu na kuikagua, kwa kuwa unyevu unaozidi asilimia 65 kwa muda mrefu hukaribisha ukungu, na madoa ya kahawia yanayotokana nao hayaondoki bila kuidhuru karatasi.

Kwa wachoraji wa Kanda ya Ziwa wanaotaka kujaribu, magauni yapo. Yapo katika masanduku ya bibi zetu, magauni ya ubatizo na ya harusi yaliyoshonwa kwa cherehani za miguu, mengine kwa kitambaa kilichotoka kwenye kiwanda cha Mwatex hapa hapa jijini, na hakuna aliyeyachora. Makumbusho ya Bujora kule Kisesa yametunza ngoma na viti vya watemi, na yamefanya vyema. Gauni la mwanamke wa kawaida halijapata mlinzi kama huyo. Litundikwe gauni kwenye kibanio kipana kisichoyaumiza mabega, karibu na dirisha lenye mwanga wa asubuhi usio wa jua la moja kwa moja, na lichorwe kwanza kwa penseli isiyokandamizwa, kwa kuwa mfereji wa penseli kali hunywa rangi na kubaki kama kovu. Zianze rangi nyepesi za sehemu pana, zifuate za vivuli vikubwa, na vifungo, lesi na nyuzi viwe vya mwisho, kila tabaka likisubiri la chini yake likauke kabisa. Gauni likiwa na kiraka, kiraka kichorwe. Kisha yaandikwe mahali pamoja jina la kitambaa, urefu wa gauni na upana wa kiuno kwa sentimita, mwaka lilioshonwa kama mwenye nalo anaukumbuka, na mkono uliolishona. Maelezo hayo yaandikwe kwenye karatasi nyingine, tena kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi ukiandikiwa mgongoni mwa mchoro hupenya na kutokea upande wa mbele, mahali ambapo mchoraji alikuwa amepaacha peupe kwa makusudi.